Ujirani wa Ghorofani: Ramani Inaishia Wapi?

Miji ya maghorofa hulaumiwa kwa kuua ujirani, na wanaolaumiwa kwanza ni wachora ramani. Lawama hiyo ina msingi. Huko St. Louis, Marekani, mradi wa nyumba za serikali wa Pruitt-Igoe, wenye majengo 33 ya ghorofa 11, ulikamilika katikati ya miaka ya 1950 na ukaanza kubomolewa mwaka 1972. Msanifu Oscar Newman, aliyeuchunguza, alikuta vibaraza vilivyotumiwa na familia mbili tu vikiwa vimetunzwa vizuri, ilhali korido za familia 20, pamoja na lifti na ngazi za familia 150, zilikuwa zimeharibiwa vibaya. Sababu yake inaingia akilini: pale mkaazi anapowatambua wote wapitao, mgeni huulizwa anamtafuta nani na mtoto wa jirani hukanywa; asipowatambua, hujifungia ndani.

Wanaopinga nao wana hoja nzito. Matengenezo ya Pruitt-Igoe yalitegemea kodi za wapangaji maskini, katika jiji lililokuwa likikimbiwa na wakaazi wake, hivyo lifti zingekwama hata kama ramani ingechorwa na malaika. Singapore, ambako takriban asilimia 80 ya wakaazi huishi katika maghorofa ya serikali, mengi yakiwa marefu zaidi, haikupata anguko hilo. Ni kweli kwamba majengo mengi huko yaliachiwa uwazi chini, ambapo watu hufanya harusi na kukesha msibani. Hata hivyo, wakaazi wengi wanamiliki nyumba zao kwa hati za miaka 99, kwa kawaida hawaruhusiwi kuziuza kabla ya kuishi humo angalau miaka 5, na tangu mwaka 1989 kila jengo limewekewa viwango vya mchanganyiko wa wakaazi wa makabila tofauti.

Kwa maoni yangu, ramani huwakutanisha watu mara kwa mara bila kupanga. Kuaminiana, hata hivyo, huja kwa kukaa pamoja muda mrefu. Ndiyo maana bustani kubwa katikati ya mtaa (wanasiasa huipenda, kwani hupendeza pichani) hainishawishi kama ngazi inayotumiwa na familia chache. Wapo pia waliohamia mjini wakikimbia macho ya majirani, nao wana haki ya kupita bila kuhojiwa. Lakini hata ngazi hiyo haisaidii kitu pale mikataba ya upangaji inapokuwa mifupi kiasi kwamba kila mwaka nyuso hubadilika.