Ernie Chambers na ukomo wa ubunge Nebraska

Mwaka 2000 wapiga kura wa Nebraska, Marekani, waliweka ukomo: mbunge wa jimbo akimaliza vipindi viwili mfululizo vya miaka minne minne, apishe. Wengi waliiona kuwa sheria iliyomlenga mtu mmoja. Ernie Chambers, kinyozi kutoka Omaha kaskazini kwenye mitaa ya watu weusi, alikuwa bungeni tangu 1971. Ikamtoa mapema 2009.

Wanaotetea ukomo wana hoja. Kiti kikikaliwa miaka 38, vijana wa mtaa huo watajifunzia wapi uongozi? Tena bunge lile ni dogo, wajumbe 49 katika ukumbi mmoja tu. Chambers alisimama na fulana yake ya mikono mifupi, akazungumza saa baada ya saa mpaka muswada asioutaka ukakosa muda. Kwa mtu mmoja, hiyo ni nguvu nyingi mno.

Lakini kuna kazi zinazodai muda. Mwaka 1979 bunge lilipitisha kufutwa kwa adhabu ya kifo, gavana akakataa. Chambers hakuchoka kuirudisha hoja hiyo. Mei 2015 ilipita, gavana mwingine akaikataa, na wabunge wakamshinda kwa kura 30 dhidi ya 19. Zilihitajika 30 kamili. Mbunge wa miaka minane asingefika pale.

Kinachonisumbua ni kilichofuata. Novemba 2016 wananchi wenyewe waliirudisha adhabu ile kwa kura ya maoni. Alikuwa amewapata wenzake ukumbini. Umma hakuwa ameupata, na miaka mingi bungeni haikumsaidia kwa hilo.

Hata hivyo naamini ukomo ule ulikosea. Mwaka 2012, mara tu sheria ilipomruhusu kugombea tena, watu wa wilaya yake ya 11 walimrudisha, akakaa hadi 2021. Walimtaka, wakanyimwa miaka minne. Kama nia ilikuwa kupata sura mpya, wangeanza na mshahara: mbunge wa Nebraska amelipwa dola 12,000 kwa mwaka tangu miaka ya 1980. Kijana wa Omaha kaskazini mwenye watoto na kodi ya nyumba hawezi kuacha kazi yake akaende kukaa Lincoln, mji mkuu wa jimbo, miezi kadhaa kwa pesa hizo, hata kiti kikiwa wazi.