Balbu Inayosubiri Ruhusa Kutoka Mbali

Boksi la balbu limeandikwa "Chomeka, unganisha, furahia". Hapo kwenye kuchomeka sina neno. Hiyo "unganisha" ndiyo inayonichefua, maana hawasemi unaunganishwa na nani.

Ukigusa kitufe kwenye simu kuwasha balbu iliyo mita 3 juu ya kichwa chako, mara nyingi amri haiendi moja kwa moja kwenye balbu. Inapita kwenye ruta, inatoka nje, inafika kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni iliyoitengeneza, ndipo inarudi nyumbani kuiambia balbu "waka". Halafu tunaiita balbu janja! Swichi ya ukutani haibishi hodi kwa mtu.

Na wenye seva wakichoka? Mei 2016 seva za Revolv, vifaa vya nyumba janja, zilizimwa, na kitovu chake (kisanduku kinachoviunganisha vifaa vya nyumbani) kilichouzwa dola 300 kwa ahadi ya huduma ya maisha kikageuka pambo la mezani. (Maisha ya nani, hawakufafanua.) Aprili 2022 ikawa zamu ya Insteon, kampuni nyingine ya vifaa hivyo: seva zikanyamaza bila taarifa. Vifaa vyenyewe vilikuwa vizima, havijaungua hata waya.

Kwa hiyo kabla hujajaza nyumba vifaa vya namna hii, nunua kimoja ukipime. Kiunganishe kama kawaida, kisha chomoa waya unaoingiza intaneti kwenye ruta, ule wa tundu la WAN, lakini ruta yenyewe iache ikiwaka. Zima na data ya simu. Usipoizima, simu ikigundua Wi-Fi haina intaneti inaweza kuhamia kwenye data kimyakimya, isiione tena balbu, nawe ukailaani bure. Subiri dakika 2, funga programu kabisa, ifungue upya, bonyeza. Ikiwaka, amri zinaishia humohumo ndani. Programu ikizungukazunguka na kukwambia kifaa hakipatikani, kirudishe dukani siku hiyohiyo.

Haya, nakubali kwa shingo upande: ukiwa safarini unahitaji njia ya kupitia nje. Lakini iwe nyongeza, isiwe mlango pekee. Vifaa vya Zigbee, na vile vya Matter iliyotoka Oktoba 2022 (zote ni lugha za pamoja za vifaa vya nyumba janja), vimeundwa kuongea humo ndani, ingawa kitovu nacho kipime vilevile. Vipo visivyofumbua macho bila intaneti.

Nywila ya kiwandani? Ibadilishe leo. Mirai, programu hasidi ya 2016, iliteka kamera za intaneti kwa kujaribu tu orodha ya nywila 60 na ushee za kiwandani.

Halafu kuna hili ambalo mafundi umeme wanalijua na wauzaji hawaligusi: mtu akizima swichi ya ukutani, balbu janja imekufa, simu yako haina la kufanya. Afadhali moduli, kidude cha kuwashia taa kwa simu, inayofungwa nyuma ya swichi. Ila nyingi zinataka nyutro (waya wa kurudisha umeme), na boksi la swichi mara nyingi lina waya wa moto na ule unaokwenda kwenye taa, basi. Zima meni swichi, fungua, pima kwa testa, chungulia. Ukikuta nyaya 2 tu, tafuta moduli isiyohitaji nyutro kabla hujatoa hela.