Mzee apande kigari, ila betri zitunzwe

Mzee akipanda kigari cha gofu, hakosekani kijana kwenye baraza ya klabu wa kusema "gofu ni kutembea". Haya. Mashimo 18, yaani mchezo mzima, ni kilomita nane hadi kumi, na goti lililokwisha gegedu halisikii hotuba. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaamua mwaka 2001, kura 7 kwa 2, kwamba Casey Martin, mchezaji wa kulipwa mwenye maradhi ya mguu, apande kigari mashindanoni. Hakuwa amefika hata miaka 30.

Kinachokera hasa ni klabu kumkodisha mzee kigari kikamzimikia shimo la 14, kule mwisho wa dunia. Eti betri siku hizi ni feki. Wapi! Kigari kimerudi saa tano asubuhi, saa saba kimepewa mwingine bila kuchajiwa, usiku kimelala hivyohivyo. Betri za risasi na asidi zikilala zimeisha, salfeti (chumvi ya risasi) huganda kwenye sahani za ndani ya betri, na ikishaganda hiyo ndiyo safari. Kwenye kigari cha volti 48, betri sita za volti 8 zikijaa na kupumzika husoma karibu 51 kwa pamoja. Zikisoma chini ya 48, nusu imeshapita; usitoke nacho.

Maji huongezwa baada ya kuchaji. Ukijaza kabla, yatapanda na kumwaga asidi juu ya nyaya; sahani zikiwa wazi, zifunike tu kwa maji, basi. Na yawe maji ya betri kweli: dukani dumu la asidi hukaa jirani yake, na kuna "mafundi" wasiosoma lebo.

Halafu ule ubahili wa kuweka betri moja mpya kati ya kuukuu tano! Kuukuu zitaiburuta ichakae nazo. Ukimtafuta mgonjwa, pima volti za kila moja kigari kikiwa kinapanda kilima. Inayoporomoka peke yake ndiyo hiyo.

Kedi, yule mbeba fimbo za mchezaji, atakula nini? Hapo mna hoja, nakubali kwa shingo upande. Basi apande naye, alipwe vilevile. Kigari hakisomi mteremko wa grini, ile nyasi fupi yenye shimo.

Na siku za mvua, mkibandika "vigari njiani tu", mpeni mzee ruhusa ya kuingia uwanjani pale ardhi inapobeba. Wasipotaka, mzee wangu, shuka na fimbo tatu mkononi, maana ukishuka na moja utaikosea, na kigari kiko mita sitini nyuma.