Kiwango Kinapovunjwa, Tuulize Ni Oda za Nani Zilizokwisha

Anayeanza biashara ya sarafu hufundishwa mapema kuchora mistari miwili kwenye chati: mmoja chini, pale ambapo bei imekuwa ikishuka na kugeuka, unaoitwa sapoti, mwingine juu, pale ambapo imekuwa ikipanda na kurudi, unaoitwa rezistansi. Kisha huambiwa kwamba bei ikivuka mstari, aifuate. Mafundisho hayo si ya uongo, lakini yanaruka jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha somo zima, nalo ni kwamba mstari wenyewe hauna nguvu yoyote. Kinachoizuia bei ni oda za watu waliojipanga kununua au kuuza katika eneo hilo, na bei huvunja kiwango pale tu oda hizo zinapokwisha au wenyewe wanapoziondoa.

Mchumi Carol Osler, aliyefanya kazi katika Benki Kuu ya Marekani tawi la New York, alichapisha mwaka 2003 uchunguzi wa oda za wateja wa benki kubwa inayofanya biashara ya sarafu. Alikuta kwamba oda za kuchukua faida, yaani zinazofunga biashara bei ikifika lengo la mtu, hurundikana hasa kwenye namba kamili, zile zinazoishia na sifuri mbili, ilhali oda za kukata hasara, yaani zinazomtoa mtu kwenye biashara bei ikimgeukia, hurundikana hatua chache ng'ambo ya namba hizo. Mimi huona matokeo hayo yanaeleza zaidi ya michoro mingi. Bei inapoikaribia namba kamili hukutana na wanaochukua faida, nayo hugeuka. Ikiwashinda, huangukia kwenye rundo la oda za kukata hasara na kuongeza kasi kuelekea kule kule ilikokuwa ikienda.

Tumfikirie aliyeuza kwenye rezistansi. Oda yake ya kukata hasara iko juu kidogo ya kiwango, na kwa kuwa aliuza akitarajia bei ishuke, hutoka kwa kununua tena, hivyo oda hiyo ni ya kununua. Bei ikifika pale, analazimika kununua bila kutaka, na kununua kwake kunaisukuma bei ifike kwenye oda ya mwenzake. Kwa hiyo dakika za kwanza za bei kuvunja kiwango mara nyingi haziendeshwi na imani ya mtu yeyote bali na watu wanaotolewa sokoni kwa nguvu. Oda hizo zikiisha na nyuma yake kukakosekana wanunuzi wapya wenye sababu yao ya kununua, bei hurudi ilikotoka, na wale waliorukia mwendo hubaki wameshika kilele. Huko ndiko kuvunja kwa uongo, na katika miaka yangu ya mwanzo kulinila akiba zaidi ya kosa lingine lolote, kwa sababu nilikuwa nikiingia mara tu bei ilipogusa upande wa pili.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaofundisha. Husemwa kwamba kiwango kilichoguswa mara nyingi ndicho imara zaidi. Mimi nadhani inategemea muda uliopita kati ya mguso na mguso. Bei ikikaa mbali kwa miezi kisha ikarudi, wauzaji wamepata nafasi ya kujipanga upya. Lakini ikibisha hodi mara nne katika siku chache, na kila mara ikarudi nyuma umbali mfupi kuliko awali, basi kila mguso umekula sehemu ya oda zilizokuwa zikingoja.

Mfano ninaoupenda wa kiwango kilichovunjwa kweli ni wa dola ya Marekani dhidi ya yeni. Mwezi Oktoba 2022 dola ilipokaribia yeni 152, Japani iliingia sokoni kuuza dola na bei ikaanguka. Novemba 2023 bei ilirudi karibu na hapo hapo ikageuka, na Machi 2024 ikafika tena bila kupita. Tarehe 10 Aprili 2024 takwimu za mfumuko wa bei Marekani zilitoka juu ya matarajio, dari hiyo ikavunjika siku hiyo hiyo, na kufikia tarehe 29 Aprili dola ilikuwa imegusa yeni 160. Angalia kwamba kiwango kilikuwa kile kile mara zote. Kilichobadilika ni kwamba safari hii wanunuzi walipata sababu iliyodumu zaidi ya dakika chache, yaani matumaini ya riba ya Marekani kushuka haraka yalipungua.

Kwa hiyo siku hizi husubiri mshumaa wa siku, yaani alama ya chati inayoonyesha mwendo wa bei wa siku nzima, ufunge ng'ambo ya kiwango, na nikiweza husubiri bei irudi kukigusa kwa upande wa pili. Dari ya zamani hugeuka sakafu kwa sababu ya kibinadamu kabisa: aliyeuza pale na bado ameng'ang'ania hasara yake, bei ikimrudia hununua ili atoke salama. Wapo wanaopima kiasi cha biashara kwenye chati, ila soko hili halina jengo moja wala kitabu kimoja cha oda, na takwimu unayoiona ni ya dalali wako tu, au idadi ya mara ambazo bei imebadilika.

Subira hiyo, hata hivyo, haimlindi mtu na kila kitu. Kuanzia tarehe 6 Septemba 2011 Benki Kuu ya Uswisi iliahidi kutoruhusu euro ishuke chini ya faranga 1.20, na kwa miaka mitatu na zaidi sakafu hiyo ilionekana thabiti kuliko zote. Ilikuwa imebebwa na mnunuzi mmoja. Alipojiondoa tarehe 15 Januari 2015, chini yake hapakuwa na oda za kutosha, na katika muda wa dakika euro ilikuwa ikiuzwa chini ya faranga moja. Waliokuwa wameweka oda za kukata hasara chini kidogo ya 1.20 walitekelezewa mbali mno na bei waliyoiandika, na baadhi yao waliishia kudaiwa fedha zaidi ya walizokuwa nazo kwenye akaunti.