Nani afundishe madarasa ya sinagogi: mwalimu wa kulipwa au muumini wa kujitolea?

Madarasa ya dini katika sinagogi (nyumba za ibada za Wayahudi) nyingi za Marekani huanza Septemba, na kabla hayajaanza, bodi huwa imeshavutana juu ya bajeti. Upande mmoja unataka walimu waliosomea ualimu na Kiebrania, walipwe ipasavyo. Upande wa pili unasema wazazi, wanafunzi wa chuo kikuu na vijana wa miaka 15 au 16 wanatosha, tena ndio wanaowavutia watoto. Pande zote mbili zina hoja nzito. Ninachopinga ni mazoea ya kuijadili shule nzima kana kwamba inafundisha somo moja.

Kwanza muda. Hizi si shule za kutwa. Mtoto husoma shule ya serikali wiki nzima, kisha huja sinagogini Jumapili asubuhi na pengine alasiri moja katikati ya wiki. Tuchukulie darasa linalokutana kwa jumla ya saa 4 kwa wiki, wiki 30 kwa mwaka: ni saa 120. Ondoa sala ya pamoja, vitafunio, nyimbo na mazoezi ya michezo ya sikukuu. Kiebrania kikiambulia theluthi, zimebaki saa 40. Juu ya hapo, mwaka wa masomo haujakaa sawa, mara sikukuu za Rosh Hashana, Yom Kipur na Sukot zinaukatakata, kwa hiyo kilichofundishwa wiki ya kwanza huwa kimesahaulika kufikia ya tano.

Ndani ya saa hizo 40 mtoto anatakiwa kujifunza herufi 22, tano kati yake zikiwa na umbo jingine mwishoni mwa neno, pamoja na irabu ambazo ni nukta na vistari. Aliyepita chuoni akasoma kwa fatha, kasra na dhumma anaelewa mara moja mzigo huo ukoje. Safari inaishia mbele ya gombo la Torati, ambalo halina irabu wala alama za mahadhi (zinazoonyesha namna ya kughani), na kijana wa bar mitzva, yaani anayeingia utu uzima wa kidini, akiwa na miaka 13, anasoma humo mbele ya watu wazima wanaosahihisha kwa sauti.

Makosa ya kufundisha hatua hii yanajulikana. La kwanza ni kuweka herufi pacha katika somo moja: dalet na resh, bet na kaf, he na het, gimel na nun. Mwalimu mgeni huona ni busara kuzionyesha pamoja ili mtoto aone tofauti, na matokeo yake mtoto huzichanganya kwa miaka. Aliyezoea hufundisha moja hadi ikomae, akapitisha masomo kadhaa, ndipo alete mwenzake. La pili ni kuandika matamshi kwa herufi za Kiingereza chini ya mstari. Jicho huchagua njia rahisi, kwa hiyo darasa zima linasikika likisoma Kiebrania huku hakuna anayekitazama. La tatu ndilo gumu kulitambua: mtoto anayeghani sala ya Shema bila kukosea kwa kuwa ameihifadhi. Kipimo chake ni kumwonyesha neno la katikati, au kumsomesha mstari kutoka mwisho kuja mwanzo, au kumpa silabi zisizo na maana yoyote. Mzazi mwenye moyo mwema asiyejua vipimo hivi atamsifu mtoto na kumpandisha darasa.

Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa kale wa mijadala ya wanazuoni wa Kiyahudi, katika sehemu ya Bava Batra, ina mjadala huuhuu. Walimu wawili wa watoto: mmoja husomesha mengi lakini si makini, mwingine ni makini lakini husomesha machache. Mwanazuoni Rava alisema achukuliwe wa kwanza, kwani kosa hujiondokea lenyewe. Rav Dimi wa Nehardea akasema achukuliwe wa pili, kwani kosa likishaingia limeingia. Ushahidi unaoletwa pale ni wa Yoabu, jemadari wa Daudi, aliyeua wanaume peke yao kwa sababu, katika agizo la kufuta ukumbusho wa Amaleki, alikuwa amezoea kusoma zakhar, yaani mwanamume, mahali penye zekher, yaani ukumbusho. Konsonanti ni zilezile tatu (Kiarabu nacho kina dhakar na dhikr). Alipogundua, alikwenda kumuuliza mwalimu wake alimsomesha vipi, kisha akachomoa upanga.

Hadi hapo mwalimu wa kulipwa anaonekana ameshinda. Lakini chukua darasa la watoto 12 na kipindi cha dakika 40. Mwalimu mmoja, hata awe bingwa, anaweza kumsikiliza kila mtoto kwa dakika 3 na ushei, waliobaki wakipiga soga. Weka pembeni yake vijana watatu, wale wanaoitwa madrikhim, na kila mtoto anasoma kwa sauti dakika 10. Kusoma hukua kwa kusikilizwa, na hakuna shahada inayoweza kuziba pengo hilo la dakika. Bava Batra hiyohiyo inaweka watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na wakifika 40 inataka apewe msaidizi, ambaye mji husaidia kumgharimia. Msaidizi, basi, hakubuniwa na bodi zilizoishiwa fedha.

Hoja nyingine ya waumini ni kwamba mtoto humwona mwalimu wake tena siku ya Sabato, katika sherehe na msibani. Mwalimu wa kukodiwa anayefundisha sinagogi mbili kwa wiki hukusanya vitabu na kuondoka. Kwa masomo ya sikukuu, ukarimu, kuzuru wagonjwa na kuwafariji wafiwa, aliyekuwepo kwenye msiba wenyewe anafundisha kitu ambacho chuo hakitoi.

Hali hiyo ina ubaya wake. Mzazi wa kujitolea huachia darasa siku mwanawe anapokuwa na mechi. Akiwa dhaifu, hakuna wa kumwondoa, maana mkewe yumo kwenye bodi. Hapa tena Rava na Rav Dimi hawakubaliani: akipatikana mwalimu bora kuliko aliyepo, Rava hamwondoi wa kwanza kwa hofu kwamba mpya atabweteka, ilhali Rav Dimi anambadilisha, akisema wivu wa wasomi huongeza hekima. Binafsi naona Rava alikosea hapa, ingawa nakiri kwamba hakuwa na wajumbe wa bodi wa kukabiliana nao Jumapili.

Historia ya Marekani imeyumba kati ya nguzo hizi mbili. Mwaka 1838, huko Philadelphia, Rebecca Gratz alifungua shule ya Jumapili iliyosimama juu ya mabega ya wanawake wa kujitolea, ikifundisha kwa Kiingereza. Uhaba wa vitabu uliwafanya watumie vya Wakristo, sehemu zisizofaa zikibandikwa karatasi juu yake. Iliwafikia watoto ambao hawangepata elimu yoyote ya dini, ila Kiebrania kilikuwa kidogo mno. Mwaka 1910 Samson Benderly alichukua uongozi wa ofisi ya elimu ya Kiyahudi mjini New York, akataka ualimu huu uwe taaluma na Kiebrania kifundishwe kwa Kiebrania. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia familia zilihamia vitongojini, shule zikaingia ndani ya sinagogi, saa zikapungua, na taaluma ile ikabaki kibarua cha saa chache. Nani atasomea miaka minne ili aajiriwe saa 4 kwa wiki?

Njia ya mkato ya siku hizi ni kumwajiri Mwisraeli anayeishi jirani. Matamshi yake hayana shaka. Ila aliyezaliwa ndani ya lugha husoma bila irabu na mara nyingi hajawahi kufikiri jinsi mtu anavyojifunza kuzisoma. Na kama hakukulia sinagogini, lugha ya sala na mahadhi yake huenda ni mageni kwake. Anafaa sana kwa mazungumzo, baada ya kusoma kusimama.

Juu ya malipo kuna jambo la kushangaza katika sehemu ya Talmudi iitwayo Nedarim. Torati inapaswa kufundishwa bure, kwa hiyo wanazuoni wakauliza mwalimu wa watoto analipwa kwa kitu gani. Rav akajibu: kwa kuwaangalia watoto. Rabi Yohanan akajibu: kwa kufundisha alama za mahadhi na vituo. Kwa Rabi Yohanan, basi, mshahara umefungwa kwenye usahihi wa kusoma, na ndipo fedha ya sinagogi ndogo inapostahili kwenda kwanza. Alipwe mtu mmoja makini wa darasa la herufi na mmoja wa kuandaa bar mitzva na bat mitzva (ya wasichana). Alipwe pia saa ya maandalizi na saa ya kuwafundisha madrikhim kusikiliza: wasimkatize mtoto kabla hajamaliza neno, wasimtamkie neno, wamwonyeshe herufi aliyoiruka. Sikukuu na maadili wapewe waumini, wakiwa wawili kwa darasa ili mechi isivunje kipindi.

Nafasi ya mwalimu wa bar mitzva ndiyo huachiwa rekodi ya simu. Mtoto hupewa sauti ya haftara yake (somo lake kutoka vitabu vya Manabii) miezi sita kabla, anaihifadhi, anaghani vizuri, na mwaka unaofuata hawezi kusoma haftara nyingine yoyote. Bora apewe rekodi ya alama za mahadhi peke yake, azipachike mwenyewe kwenye mistari.

Si kila mahali mgawanyo huu unawezekana. Abayudaya wa karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, jamii ya Kiyahudi iliyoanza na Semei Kakungulu mwaka 1919, walipitia utawala wa Idi Amin dini yao ikiwa marufuku, na waliofundisha kwa siri walikuwa wenyewe kwa wenyewe. Gershom Sizomu, aliyekulia humo, alikwenda kusomea urabi Los Angeles, akahitimu mwaka 2008 na kurudi kufundisha nyumbani. Kwao mwalimu aliyesomea na mtu wa jamii ni mtu mmoja, lakini ilibidi jamii imkose kwa miaka ya masomo kwanza, gharama ambayo bodi nyingi za Marekani hazijawahi hata kuiweka kwenye ajenda kwa ajili ya kijana wao mmoja.