Java ya moduli nyingi kwa Linux: timu ndogo inahitaji kweli?

Hapa Kisumu tukikutana watu wa Java haichukui muda kabla mtu hajaanza ile stori ya moduli. Kuna wale wanasema projekti yoyote ya maana igawanywe moduli, yaani vipande vinavyojengwa kila kimoja kivyake, kutoka siku ya kwanza, na kuna wale wanasema hiyo ni kujitafutia kazi bure, weka kila kitu ndani ya src moja, folda moja ya kodi, na usonge mbele. Kila upande una pointi, lakini kwa timu ya watu wawili watatu naona hao wa kwanza wanaharakisha, isipokuwa mahali pamoja tu.

Chukua mfumo wa ushirika wa maziwa, tuseme huko Molo. Wakulima wanaleta maziwa asubuhi, karani anaingiza lita, mwisho wa mwezi unatoa makato ya mkopo na ya chakula cha ng'ombe halafu pesa inatumwa kwa M-Pesa. Watu wa moduli watakuchorea `hesabu`, `mpesa` na `tovuti`, na juu yao pom ya mzazi (pom ni faili ya maelekezo ya Maven, programu inayojenga kodi ya Java) yenye packaging ya `pom` na orodha ya hizo tatu, na matoleo ya laibrari yote yamewekwa kwa dependencyManagement ndio kusiwe na moduli inatumia toleo lake kivyake. Faida yake si urembo wa mafolda. Kama `hesabu` haina dependensi ya Spring, fremu ya kutengenezea hiyo tovuti, siku mtu ana haraka na anataka kuita kitu cha tovuti katikati ya hesabu ya makato, kodi haikompaili, basi, imeisha hiyo. Na ukijaribu kufanya `hesabu` itegemee `mpesa` huku `mpesa` inategemea `hesabu`, Maven inakataa hata kuanza. Pakeji za kawaida, yaani mafolda ya klasi ndani ya kodi moja, haziwezi kukufanyia hivyo, klasi ikiwa public kila mtu anaifikia. Mtu ataniambia kuna ArchUnit, laibrari ya kukagua mpangilio wa kodi, unaandika testi ya kulinda mipaka ya pakeji. Sawa, lakini testi inazimwa kwa mstari mmoja Ijumaa jioni na hakuna mtu ataona.

Sasa gharama, na hapa ndio watu wa src moja wako na nguvu. Unabadilisha fomyula ya makato kwa `hesabu`, unafanya `cd tovuti`, unaanzisha programu, skrini bado inaonyesha makato ya zamani. Unabadilisha tena, vilevile. Shida ni kwamba ukiwa ndani ya folda ya moduli moja Maven haiangalii jirani, inaenda `~/.m2`, stoo yake kwa mashine yako, kuchukua jar (faili iliyokwisha jengwa) ya `hesabu` uliyoinstall jana. Dawa ni kurudi folda ya juu na kuandika `mvn -pl tovuti -am package`, hiyo `-am` inaambia Maven ijenge pia zile moduli tovuti inazitegemea, lakini mtu mgeni kwa timu hatajua hiyo mpaka imtese kwanza. Gradle, mshindani wa Maven, haina hii kero kwa sababu ukiandika `project(':hesabu')` inajua ni kodi ya hapo hapo na inajenga upya kilichobadilika tu. Ila nayo inaacha prosesi yake ikikaa kwa memori hadi masaa matatu baada ya wewe kumaliza, weka IntelliJ ya kuandikia kodi na brauza juu yake kwa laptopu ya GB 8 uone feni itakavyolia.

Ile ya kusema ati moduli zinakula bando siikubali. Laibrari zinashuka mara moja, zinakaa `~/.m2`, moduli zote zinatumia nakala hiyo hiyo, na mtandao ukipotea unaongeza `-o` unaendelea na kazi.

Linux yenyewe inaleta vituko vyake, na moduli zinavizidisha. Mwenzako wa Windows ameita folda `Mpesa`, pom inasema `mpesa`, kwake inajenga poa, kwako Maven inalia ati moduli haipo na wewe unaiona hapo kwa macho yako. Ama amepush `mvnw`, skripti ya kuanzisha Maven, bila ruhusa ya kuendeshwa unapata Permission denied, hapo ni `git update-index --chmod=+x mvnw` na ukomit. Java nayo: kwa Ubuntu 24.04 `sudo apt install openjdk-21-jdk` inatosha, lakini kama ulikuwa na 17, kubadilisha kwa update-alternatives, amri ya kuchagua toleo, hakugusi JAVA_HOME, ile variable inayosema Java iko folda gani, na Maven inasikiliza JAVA_HOME kwanza, kwa hivyo angalia `mvn -version`, si `java -version`. Halafu weka `maven.compiler.release`, toleo la Java unalolenga, kwa pom ya mzazi, mara moja, moduli zote zirithi. (module-info.java, moduli za lugha ya Java yenyewe zilizokuja na Java 9 mwaka 2017, si hizi za Maven, ni mambo mengine kabisa, usiiguse kama hujui unaitakia nini.)

Kwa hivyo mimi ningegawa mbili tu mwanzoni, `hesabu` peke yake na vingine vyote pamoja. Pesa ya mkulima ndio kitu hutaki kichafuliwe na mambo ya skrini, na hiyo moduli testi zake zinakimbia bila database na bila seva, hilo peke yake linalipa usumbufu wa pom ya pili. `mpesa` ikae pakeji ndani ya `tovuti` kwanza. Siku malipo ya mwisho wa mwezi yataanza kuendeshwa kama programu yake, kwa seva yake, bila kungojea tovuti iwashwe, hapo itoke iwe moduli, na kama pakeji ilikuwa safi kuihamisha ni kazi ya mchana mmoja.