Hesabu kuafikiana na kipimo hakutoshi

Mwaka 2002 wanafizikia wa jaribio la Belle, huko Tsukuba, Japani, walitoa matokeo yaliyowatoa jasho wananadharia. Walikuwa wakigonganisha elektroni na positroni, yaani antichembe za elektroni, kwa nishati ya takriban GeV 10.6 (GeV ni kipimo cha nishati ya chembe), wakakuta migongano inayozaa chembe mbili kwa pamoja: J/psi na eta-c. Kila moja ni kwaki ya chamu, aina mojawapo ya chembe za msingi ziitwazo kwaki, iliyofungamana na antikwaki yake.

Tukio hilo ni adimu, na sababu inaeleweka. Elektroni na positroni zikiangamizana hutoa fotoni, yaani chembe ya mwanga, ya muda mfupi mno. Fotoni huzaa jozi ya kwaki, gluoni (chembe inayobeba nguvu ya kuunganisha kwaki) inayochomoka humo huzaa jozi ya pili, kisha kila kwaki hushikamana na antikwaki ya jozi nyingine. Uadimu huo ulitarajiwa, lakini matukio yaliyoonekana yalikuwa mengi kuliko hesabu zilivyotabiri. Hesabu za ngazi ya kwanza, yaani kadirio sahili ambalo ngazi zinazofuata hulirekebisha, zilitoa kati ya femtobani 2 na 6 hivi; femtobani ni kipimo cha uwezekano wa tukio kutokea. Belle ilipima takriban 33, ikashuka baadaye hadi karibu 26. Mwaka 2005 BaBar, jaribio jingine kama hilo kule California, ikapata karibu 18.

Wapo waliodhani labda sehemu ya matukio hayo ni J/psi mbili zilizodhaniwa kimakosa kuwa J/psi na eta-c, na wapo waliowaza kwamba mahali pa eta-c huenda palikuwa na chembe iliyoundwa na gluoni tupu. Yalikuwa mawazo halali. Mwaka huohuo wa 2005 wanafizikia wa China wakakokotoa ngazi ya pili, na jibu likakaribia kuongezeka maradufu. Yakaongezwa marekebisho ya mwendo wa kwaki ndani ya chembe, pengo likazibika, na wengi wakaona fumbo limeteguliwa.

Mimi naona ushindi ule ulitangazwa mapema. Nyongeza inapokaribia ukubwa wa kile inachokirekebisha, nani atatuhakikishia kuwa nyongeza ya tatu haitavuruga kila kitu? Tena hesabu hizi hutegemea kiwango cha nishati anachokichagua mkokotoaji mwenyewe. Maumbile hayakijui kiwango hicho. Ukikisogeza na jibu likasogea sana, basi kulingana kwako na kipimo huenda ni bahati ya uchaguzi tu.

Ndiyo maana kazi ya mwaka 2019 naithamini kuliko zote zilizotangulia. Ngazi ya tatu ilikuwa imesubiriwa miaka mingi, kwa kuwa michoro yake yenye vitanzi viwili, ile inayotumiwa kukokotoa njia ambazo chembe huweza kupitia, ni mingi na migumu mno. Waliomaliza kazi ile walionyesha kwamba msingi wa nadharia yenyewe unasimama hata katika ngazi hiyo, na kwamba jibu haliyumbi tena sana kiwango kikibadilishwa. Jibu hilo pia linaafikiana na kipimo cha BaBar, ila kwangu mimi hilo ni la pili. Hesabu iliyotulia inaweza kukosolewa na jaribio. Inayoyumba haikosoleki, kwa sababu daima kuna pa kuisogeza.

Bado uzito wa kwaki ya chamu unaotumiwa huathiri sana jibu. Kwa hiyo, kabla Belle II, mrithi wa Belle, haijaleta vipimo vikali zaidi, ningependa kila makala ya nadharia iweke upana wote wa majibu yake kwenye jedwali la kwanza kabisa, uzito na kiwango vikibadilishwa wazi, badala ya namba moja ya katikati iliyokaa jirani na kipimo.